Kijiko cha Upande wa Kulia

Wateja wengi walidhani anaitwa Kijiko kwa ajili ya wembamba wake, naye aliwaacha wadhani hivyo. Mtu anayeleta gari jipya, viti bado vimevaa nailoni, haji kusikiliza historia ya fundi. Anakuja kulalamika. Atasema redio inasemea puani, atasema besi haipo, atasema jirani yake ana gari kuukuu lakini akifungua mlango mtaa mzima unajua amefika. Kijiko husikiliza yote hayo akiwa amesimama kwenye mlango wa karakana, mikono mifukoni mwa ovaroli, kisha husema neno lake lile lile: "Washa, nikae."

Mafundi wengine wa redio za magari huanza na bisibisi. Yeye huanza na kiti. Huingia upande wa dereva, akafunga milango yote, akafumba macho, na kuchomeka flashi nyekundu ambayo haina wimbo hata mmoja. Ndani yake kuna sauti ya mwanamke anasoma gazeti, basi. Anasoma habari ya daraja litakalojengwa, anasoma bei ya saruji, anasoma mechi iliyoahirishwa kwa sababu ya mvua. Wale wanaotaka besi ya kutikisa vioo hukunja nyuso wakisikia hayo. Kijiko huwaambia kwamba spika isiyojua kusema haitajua kuimba, na asiyeridhika na jibu hilo anaruhusiwa kwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Spika za kiwandani zilikuwa zinamkera kweli kweli. Watu wamehangaika na ngozi ya viti, wameweka kioo kikubwa kama sinia katikati ya dashibodi, wameweka taa zinazojiwasha zenyewe, halafu ndani ya mlango, mahali ambapo mnunuzi hatachungulia, wamebandika spika ya karatasi yenye sumaku ndogo kama kizibo cha soda. Kwake huo ulikuwa utovu wa adabu. Akiing'oa spika ya namna hiyo huiweka mezani mbele ya mwenye gari, asiseme kitu, amwache ajionee.

Basi Jumanne moja asubuhi, saa tatu haijatimia, likaingia gari jipya la rangi ya fedha, likaja taratibu mpaka kwenye alama ya mafuta pale sakafuni na kusimama sawasawa juu yake. Dereva wa kusimama vile alikuwa mmoja tu. Kijiko akatoa mikono mifukoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Kijiko. Mgonjwa huyo. Mpasue."

Huyo ndiye Mzee Sikio, mwenye karakana ile kabla haijawa ya Kijiko. Alikuwa amepita miaka sabini, mfupi, shati limechomekwa vizuri, na mfukoni bado anatembea na kalamu ya kupimia umeme kama wastaafu wengine wanavyotembea na miwani. Jina la Sikio alipewa na mafundi wenzake, na halikuwa la kumpaka mafuta. Ulikuwa unaweza kumpigia simu, ukaweka simu karibu na redio inayokoroma, naye akakuambia ni waya gani umelegea. Alipostaafu, miaka sita nyuma, alimkabidhi Kijiko funguo bila hotuba. Alisema tu kwamba bomba la nyuma linavuja.

Mkewe, mwalimu mstaafu, aliteremka kutoka kiti cha nyuma.

"Mama, mbona umekaa nyuma kama bosi?" Kijiko akamuuliza.

"Mbele kuna kelele," mama akajibu, akamtazama mumewe kidogo, akaenda kukaa kwenye benchi la wateja.

Mzee akaeleza shida yake. Watoto walikuwa wamemchangia gari, gari zuri, hana neno nalo, Mungu awabariki. Ila redio imekuja na ugonjwa kutoka kiwandani. Twita ya kulia imekufa. Amelirudisha gari dukani mara tatu, na mara tatu wamemwambia ni zima, mpaka mara ya mwisho ametoka pale bila kuaga. Twita, kwa asiyejua, ni kile kispika kidogo cha sauti nyembamba kinachokaa kwenye nguzo ya kioo cha mbele, kimoja kila upande.

"Kushoto kijiko kinalia," mzee akasema. "Kulia hakuna kijiko. Ng'oa kila kitu, weka vitu vya watu wazima."

Hapo inabidi turudi nyuma kidogo, la sivyo mtu atadhani wanazungumzia vyombo vya jikoni.

Miaka ishirini na minne kabla ya Jumanne ile, msichana mmoja mwembamba alitumwa na mjomba wake kwenda kuchukua redio kwa fundi. Alikuwa amemaliza shule, ameomba kazi sehemu saba, na sehemu zote saba wamemwambia arudi wiki ijayo, wiki ambayo haikufika. Alikuta mzee na mafundi wake watatu wamezunguka redio, wanaijaribu kwa kaseti. Kwenye kaseti mwanamke anasoma gazeti. Msichana akasubiri mlangoni kwa adabu, kisha akauliza, "Samahani, nani anakoroga chai?"

Mafundi wakatazamana. Mzee Sikio akasimamisha kaseti, akairudisha nyuma, akaicheza tena. Nyuma kabisa ya sauti ya yule mwanamke, baada ya bei ya saruji na kabla ya mechi, kijiko kiligonga kikombe mara tatu. Sauti nyembamba, ya kupita tu. Mzee aliirekodi nyumbani kwake, mkewe ndiye msomaji, na kijiko kile kilikuwa kipimo chake cha siri: redio ikikitoa, imepona. Hakuna fundi wake aliyewahi kukisikia kabla ya kuambiwa. Akamwangalia msichana kutoka kichwani hadi miguuni, akamwambia aje kesho saa mbili.

Mjomba alikuja kulalamika kwamba kazi ya nyaya si ya mtoto wa kike. Mzee akamjibu kwamba mikono anayo mingi, anachohitaji ni sikio. Ikaisha hapo, na jina la Kijiko likaanzia hapo.

Kila alichokuwa nacho kilitoka kwenye mlango ule. Nyumba yake, ada za watoto wake wawili, hata ule ujasiri wa kumwambia mteja mkubwa na suti yake kwamba amechagua vibaya. Alipojifungua mtoto wa pili na kurudi kazini naye mgongoni, mzee aliihamisha meza ya kulehemu akaipeleka nje ili moshi usimfikie mtoto, akalehemu juani miezi minne, na mtu akimuuliza alisema ndani kuna giza. Kijiko hakuwahi kupata namna ya kumshukuru. Kila akifungua mdomo, mzee alisema, "Fanya kazi." Kwa hiyo alifanya kazi.

Sasa akaingia kwenye gari jipya, akafunga milango, akafumba macho, akachomeka flashi, ambayo ndiyo ile kaseti iliyohamishwa. Akapeleka sauti yote kushoto. Daraja, saruji, kijiko: mara tatu, safi. Akapeleka sauti yote kulia. Daraja, saruji.

Kijiko kikalia mara tatu, safi.

Akarudia. Kikalia. Akaegemeza sikio kwenye nguzo, kikalia mpaka akakunja uso. Twita ya kulia haikuwa na ugonjwa wowote. Akajua kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa kimeinama dirishani kinamtazama.

"Umeona?" mzee akauliza.

Naye, ambaye hakuwahi kumdanganya mzee kwa miaka ishirini na minne, akasema, "Ngoja niangalie vizuri."

Akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu. Mama akamfuata bombani.

"Usimfiche, mwanangu," mama akasema kwa sauti ya chini. "Nimekuona usoni. Ni yeye, siyo gari."

"Mama, mimi siyo daktari."

"Kwa daktari amekataa kwenda. Anasema atapimwa nini na mtu ambaye hajawahi kutengeneza hata kengele ya mlango. Nyumbani ananiambia namung'unya. Mimi! Miaka thelathini na mitano nimesoma imla mbele ya watoto hamsini, leo namung'unya. Mganga hajigangi, nimenyamaza. Lakini wiki iliyopita pale kwenye makutano, lori limetoka kulia, linapiga honi mpaka wauza mboga wamesimama. Yeye anaingia tu. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Unajua aliniambia nini? Eti lori halina honi."

Kijiko akafunga bomba. Bado likawa linadondosha.

"Sisi hatusikilizi," mama akasema. "Watoto hawasikilizi. Wewe atakusikia. Lori lingine likija sitakuwepo kila siku kumshika mkono."

Mambo yakawa wazi, na hakuna lililokuwa jepesi. Angeweza kumfungia spika mpya, mzee akazisikiliza, akasema kwa ukaidi kwamba sasa sawa, akaenda zake mpaka makutano ya pili. Au angemwambia mtu aliyemwokota kwa ajili ya sikio kwamba sikio lake mwenyewe limekwisha, tena ndani ya karakana ile, ambapo jina hilo lilikuwa bado limeandikwa kwa rangi kwenye droo ya misumari. Aliwaza kwamba akisema, atampoteza. Aliwaza pia kwamba akinyamaza, atampoteza vilevile, na huko hakuna kurudi.

Alipotoka nje alikuta mzee ameshavuta stuli yake ya zamani na kukaa kama msimamizi wa mtihani.

"Tunaanza na nini?" mzee akauliza.

"Kuhamisha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kasoro humfuata mwenyewe."

Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya Mzee Sikio, na aliwaimbia mafundi wake kwa miaka yote. Usinunue kifaa kwa kubahatisha. Chukua cha kulia ukipeleke kushoto, cha kushoto ukilete kulia, usikilize. Kasoro ikihama, ipo ndani ya ulichohamisha. Ikibaki pale pale, ipo ndani ya kile ambacho hujakihamisha. Mtu mvivu hapendi sheria hii kwa sababu ina kazi nyingi, lakini haidanganyi.

Wakahamisha twita. Mzee akakaa kwenye kiti, akasikiliza. Kulia hakuna kijiko. Akaiomba twita msamaha, akasema ameionea bure. Wakafungua dashibodi, Kijiko akinyofoa vibanio vya plastiki kimoja kimoja visivunjike, wakabadilishanisha nyaya nyuma ya redio. Kulia hakuna kijiko. Wakafikia amplifaya iliyofichwa chini ya kiti, wakageuza nyaya kwenye matundu yake. Vilevile. Mzee akaamuru waya mpya upite juu ya zulia kutoka mbele mpaka nyuma, bila kufuata njia ya kiwandani, maana siku hizi huwezi kumwamini mtu. Waya ukapita. Kijiko hakikulia.

Kufikia saa tisa alasiri lile gari la watoto kuchangia lilikuwa limenyonyolewa kama kuku. Milango wazi, makava yamelala sakafuni, skrubu zimepangwa kwenye vifuniko vya chupa kwa utaratibu ambao mzee mwenyewe alimfundisha. Mzee alikuwa amepunguza maneno. Kijiko alimwona anasugua goti, jambo alilokuwa akifanya zamani redio ikimshinda.

"Tumehamisha twita," mzee akasema. "Tumehamisha nyaya. Tumehamisha amplifaya, tumepitisha waya mpya. Kasoro imekaa kulia, haijasogea hata kidogo. Kwa hiyo ipo kwenye kitu ambacho hatujakihamisha."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa kitu gani hatujakihamisha?"

Kijiko akaitazama bisibisi mkononi mwake. Ilikuwa ya mzee, mpini umelika upande mmoja kwa kidole gumba chake, na sasa ulikuwa umeanza kulika kwa kidole chake yeye.

"Wewe, mzee," akasema. "Wewe hatujakuhamisha."

Mama kwenye benchi akaacha kujipepea. Kijiko akawa anasubiri apewe yake. Lakini mzee alikuwa fundi kabla hajawa mtu wa kuudhika. Akavua viatu, akaviweka sambamba, akaingia garini, akapiga magoti juu ya kiti cha dereva akiwa amegeukia nyuma, amekumbatia mgongo wa kiti kama mtoto anayechungulia abiria. Makalio yakagusa usukani, honi ikalia. Siku nyingine wangecheka mpaka jioni. Siku ile hakucheka mtu.

"Washa," mzee akasema.

Kijiko akapeleka sauti yote kulia kwa gari, ambako sasa kulikuwa kushoto kwa mzee. Mkewe akasoma habari ya daraja, akasoma bei ya saruji, na kijiko kikalia mara tatu ndani ya twita ile ile iliyohukumiwa kifo. Kijiko aliona kope za mzee zinacheza.

Mzee akainua kidole. Kijiko akapeleka sauti upande wa pili. Daraja. Saruji. Mechi iliyoahirishwa.

"Rudisha."

Daraja, saruji, mechi.

"Rudisha tena."

Akarudisha mara nne. Mara ya nne mzee aliinamisha kichwa juu ya mgongo wa kiti na kusema kwa upole, "Zima."

Alishuka bila kusaidiwa. Akavaa viatu, na kufunga kamba kukamchukua muda.

"Umejua tangu saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Sasa ni saa tisa. Ukanifungulia gari zima."

"Ningekuambia asubuhi ungenifukuza."

"Karakana ni yako, ningekufukuzaje?"

"Ungepata njia tu, mzee."

Mama akacheka, akajiziba mdomo. Mzee hakucheka. Alisema gari libaki palepale, akamwita mkewe, wakatoka getini kwa miguu kutafuta teksi, naye mama akageuka mara moja kumpungia Kijiko mkono. Mzee hakugeuka. Kijiko akakaa ndani ya gari lililonyonyolewa akalia, wala hakujificha, na mteja aliyeingia na gari lake akaondoka kimyakimya.

Wiki ya kwanza simu haikulia. Alipompigia mama, aliambiwa mzee yupo, anakula, amekasirikia kila kitu chenye waya. Kuhusu daktari mama alisema, "Tunasogea," na hakutaka kusema zaidi kwa sababu mhusika alikuwa chumba cha pili na sikio la kushoto bado ni zima.

Sheria nyingine ya Mzee Sikio ilikuwa kwamba gari lililoachwa bila agizo haliguswi. Kijiko aliitii siku nne. Siku ya tano akaleta spika alizokuwa amejiwekea kwa ajili ya gari lake mwenyewe siku atakapokuwa nalo, akazitoa kwenye boksi, akazipangusa ingawa hazikuwa na vumbi. Halafu akafanya kile ambacho hakuna mteja anayekilipia kwa furaha kwa sababu hakionekani: akabandika karatasi nzito za lami ndani ya milango yote, akiziminya kwa roli ndogo mpaka bati likaacha kulia, na juu yake akaweka sponji. Nyaya alizifunga kitambaa zisigongane. Makava yaliporudi hakikukosekana kibanio hata kimoja. Kwenye kiti cha dereva aliweka mto uliokunjwa, maana mzee ni mfupi kuliko yeye kwa vidole vinne ila akikaa hujinyoosha akampita kimo, na alitaka masikio yake yawe pale yatakapokuwa ya mzee. Kazi yote alikuwa akiifanya akimshukuru kwa sauti, mtu peke yake na mlango wa gari. Alimshukuru kwa ile "njoo kesho saa mbili." Alimshukuru kwa jua la miezi minne. Mlango haukumwambia afanye kazi.

Siku ya kumi na tisa, asubuhi, teksi ikasimama getini. Mzee akashuka na mkewe. Nyuma ya sikio la kulia alikuwa amevaa kitu kidogo cha rangi ya chai ya maziwa, na kiwaya chembamba kikiingia ndani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usiniangalie hivyo. Kiwanda kilinipa twita mbili, moja imechakaa, nimefunga nyingine."

Kijiko akapangusa mikono kwenye ovaroli.

"Daktari ameniuliza nilikuwa nafanya kazi gani," mzee akaendelea. "Nimemwambia. Akaniuliza, sikio gani ulikuwa unaliweka kwenye spika? Nikakaa nikafikiri. La kulia. Miaka arobaini la kulia, la kushoto linapumzika. Akasema basi hilo halijaugua, limefanya kazi. Mimi nilidhani ni aibu." Akakohoa. "Ni mtoto mdogo tu yule daktari, lakini anajua kuhamisha. Alinipima upande mmoja, akanipima wa pili."

Akalizunguka gari lake. Akagonga mlango kwa kifundo cha kidole, ukatoa sauti nzito na fupi, kama mlango wa nyumba iliyojengwa vizuri. Akagonga wa pili.

"Nani amekuagiza?"

"Hakuna."

"Nilikufundisha nini kuhusu gari lisilo na agizo?"

"Haliguswi."

Mzee akagonga mlango wa tatu, akabaki na kiganja juu yake. "Umefunga vizuri," akasema. Katika miaka ishirini na minne alikuwa amewahi kusema "sawa," na mara moja, kwa basi la shule, "siyo mbaya." Kijiko akatazama pembeni.

Wakaingia, mzee kwenye usukani, mama mbele kushoto kwake, Kijiko nyuma. Milango ikafungwa na barabara yote ikabaki nje. Kijiko akampa flashi, mzee akaichomeka mwenyewe na kupeleka sauti yote kulia. Mwanamke akasoma habari ya daraja ambalo siku hizi magari yanapita juu yake. Akasoma bei ya saruji. Kikafuata kituo kidogo, mtu anavuta pumzi.

Kijiko alikuwa anatazama shingo ya mzee tu. Aliona inakakamaa, kisha inalegea.

"Samahani," mzee akasema, sauti imebadilika. "Nani anakoroga chai?"

"Wewe," mama akamjibu. "Mimi nasoma ukurasa mzima, koo limekauka, wewe unakoroga ya kwako."

"Miaka yote hiyo hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema namung'unya."

Mzee akacheka mpaka kile kifaa kikapiga mluzi nacho, akakisukuma kwa kidole, akacheka tena, akafuta macho. Kijiko akaona nafasi ndiyo hiyo, haitarudi.

"Asante, mzee," akasema harakaharaka. "Kwa kunichukua. Kwa karakana. Kwa ile meza uliyoipeleka juani wakati wa mtoto, nilijua ndani hakukuwa na giza."

Mzee hakusema "fanya kazi." Alimtazama kwenye kioo cha kutazamia nyuma.

"Siku ile niliondoka hapa nimekuchukia mpaka kwenye ngazi za nyumbani," akasema. "Pale kwenye ngazi nikajiuliza, katika watu wote wanaonipenda, nani amenipima kwa sheria yangu mwenyewe? Wa kusema asante ni mimi, mwanangu. Sasa shuka, wateja wanakusubiri."

Kijiko akashuka na kusimama pale pale alipozoea kusimama. Gari la rangi ya fedha likaenda taratibu mpaka getini. Ukuta wa jirani huziba upande wa kulia pale, huoni kinachokuja mpaka pua ya gari iwe imeshatoka, na pikipiki ya mzigo ilikuwa inakuja mbio kutoka huko, dereva ameegemea honi. Kijiko akafungua mdomo apige kelele.

Taa za breki zikawaka kabla hajatoa sauti. Mama alikuwa ameinama anatafuta kitu kwenye mkoba, hata hakuinua kichwa. Pikipiki ikapita. Mkono wa mzee ukainuka dirishani, ukagusa nyuma ya sikio la kulia, ukashuka, na gari likaingia barabarani.